Sakafu ya Chelezo: Ni Ubao Gani Ufaao?

Katika miezi michache iliyopita barua kadha zimefika ofisini kwetu kutoka kwa wenye mashamba kando ya ziwa, na karibu zote zauliza jambo moja: tumekwisha kuunganisha mapipa, fremu iko tayari, je, juu yake tuweke sakafu ya nini? Mmoja aandika kwamba fundi amemwambia anunue maraini, kwa kuwa jina lenyewe ni la majini. Mwingine auliza kama bamba la chuma halishindi mbao. Wa tatu ana mikaratusi yake mwenyewe na ataka kujua kama yafaa kupasuliwa. Mimi ni karani tu, si fundi wa vyombo vya maji, lakini nimeona chelezo kimoja kikiharibika kwa sababu ya sakafu yake, na tangu siku ile nimekuwa nikiuliza mafundi, nikipima na kuandika. Niliyoyapata ndiyo haya.

Sababu ya maswali haya kila mtu aijua. Tangu karibu mwaka 2010 maziwa yetu ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 yalipanda kupita kiasi. Baringo, Bogoria, Nakuru, Elmenteita na Naivasha, yote yalitoka katika kingo zake za zamani. Kule Naivasha, mtaa wa Kihoto uliingiwa na maji mwaka 2020, na tena mwaka 2025 watu wakahama kwa mashua. Mahali ambapo mkulima alipita kwa miguu na punda wake pakawa maji ya kufika kifuani, na mwenye viazi au nyanya akawa hana budi kuzunguka mbali au kuvuka. Tena wako wenye pampu za kunyunyizia mashamba. Leo ufuo uko hapa, mwaka ujao uko kule, basi wameona heri pampu iketi juu ya maji ipande na kushuka pamoja na ziwa.

Nisemapo chelezo nakusudia chombo kisicho na tumbo kama mashua, bali ni jukwaa lililofungwa juu ya mapipa matupu yaliyozibwa barabara. Si jambo geni. Wazee waliofika Mombasa watalikumbuka daraja la zamani la Nyali, lililokuwa likielea juu ya maboya tangu mwaka 1931 mpaka lilipojengwa jipya mwaka 1980. Na karibu nasi zaidi, katika ziwa Baringo, maji yalipokimeza kisiwa cha Longicharo katika hifadhi ya jamii ya Ruko, twiga walioishi pale walivushwa kwa chombo cha namna hii. Kilikuwa cha chuma, kina kuta ndefu, nacho kilielea juu ya mapipa matupu 60. Twiga wa kwanza, jina lake Asiwa, alivuka tarehe 2 Desemba 2020, na wa mwisho walivuka Aprili 2021.

Watu wengi hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya twiga. Mimi nawaomba mwangalie ile hesabu ya mapipa. Mapipa 60! Sisi twafunga mapipa 12, twaweka sakafu ya kwanza tunayoiona dukani, kisha twapakia magunia mpaka maji yanatulowesha viatu.

Basi tuanze na hesabu, kama nilivyokuwa nikifanya na watoto wa darasa la sita kabla sijaacha chaki. Pipa la plastiki la lita 200 likizamishwa lote hubeba karibu kilo 200, maana kila lita ya maji isukumwayo ina uzito wa kilo moja. Lakini chelezo ambacho mapipa yake yamezama yote hakina akiba yoyote. Wimbi dogo likija, au watu watatu wakisimama upande mmoja, kimepinduka. Kwa hiyo usikubali pipa lizame kupita nusu. Mapipa 12, kila moja likiwa limezama nusu, yabeba kilo 1,200. Toa uzito wa mapipa yenyewe, kilo kama 120. Toa fremu, kilo 200. Zimebaki 880, na katika hizo 880 ndimo lazima waingie sakafu, watu na mazao.

Chelezo chenyewe tuseme kina futi 10 kwa 16, yaani mita za mraba karibu 15. Ukikitandika mbao kavu za saiprasi za unene wa inchi moja, sakafu yote itakuwa kama kilo 150. Lakini hiyo si hesabu ya kweli, kwa sababu ubao haukai mkavu juu ya ziwa. Baada ya wiki chache za mvua na maji ya mapipa, mbao zile zile zitafika kilo kama 220. Mkaratusi huanzia kama 250 ukiwa mkavu na hupita 300 ukilowa. Mbao za plastiki iliyoyeyushwa tena, zile za kijivu au nyeusi ziuzwazo siku hizi pamoja na nguzo za ua, hazinywi maji wala haziozi, lakini sakafu yake yafika kilo 320. Bamba la chuma la milimita tatu ni kama 370.

Sasa linganisha. Kwa saiprasi iliyolowa, katika zile 880 zabaki 660. Watu wawili ni kilo 140, basi zimebaki 520, yaani magunia kumi ya viazi ya kilo 50 na kidogo juu. Kwa bamba la chuma, baada ya watu wawili, zabaki 370, nayo ni magunia saba. Umepoteza magunia matatu kila safari, mwaka mzima, kwa sababu ya sakafu. Na mkulima hatapakia saba. Atapakia kumi vile vile, kwa kuwa macho hayaoni uzito wa chuma. Hapo ndipo hatari ilipo. Tena uzito huo wote uko juu ya mapipa, si chini yake kama tumbo la mashua, na chombo chenye uzito juu huyumba upesi.

Kupima kitu kikiwa kimelowa si elimu ya vitabuni. Wailchamus wa Baringo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wanjemps, tangu zamani hutengeneza vyombo vyao vidogo vya kuvulia kwa mti mwepesi sana uotao kinamasini, uitwao ambachi. Wajua kwamba mti ule hunywa maji, kwa hiyo baada ya kazi hukivuta chombo nchi kavu kikauke. Chelezo chetu chenye mapipa 12 hakivutiki hivyo. Basi yatupasa kuyahesabu maji yaliyomo ndani ya ubao tangu siku ya kununua.

Sasa nirudi kwa huyo wa maraini, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi zinapotea.

Mwaka juzi kikundi kimoja cha wakulima kilifanya mkutano wa kuamua sakafu, nami nilikuwako kuandika muhtasari. Fundi akasema maraini, wote wakakubali, nikaandika "imekubaliwa" wala sikuuliza neno. Zikanunuliwa mbao pana za kahawia, laini, ziking'aa kama meza mpya, kwa michango ya msimu mzima. Siku ya kwanza kila mtu alizisifu. Siku ya mvua mama mmoja aliyebeba kabichi aliteleza akaanguka chali, tukasema ni viatu vyake. Baada ya mvua za pili kingo zikaanza kuvimba na tabaka zikaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Halafu asubuhi moja mweka hazina alikanyaga katikati, mguu ukapita mpaka pajani. Wenzake walimkamata kwapani wakamvuta. Chini yake palikuwa na maji ya kuzamisha mtu, naye hajui kuogelea.

Kosa lilikuwa katika jina. Maraini zinazouzwa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi ni mbao za kumwagia zege. Ule uso wake unaong'aa umepakwa ili saruji isishike, na kitu ambacho saruji haikishiki, mguu wenye matope hautakishika. Gundi yake nayo hutofautiana. Nyingine ni nzuri, nyingine imetengenezwa istahimili kumwagiwa zege mara chache tu, halafu itupwe. Tena ikikatwa, ule upande wa msumeno uko wazi, na maji huingilia hapo. Plaiwudi ya kweli ya kujengea mashua ipo, lakini ni ghali, nayo ni adimu katika miji yetu ya bara.

Kama umekwisha kununua, au fundi akushikilia, jaribu hivi. Kata kipande cha upana wa kiganja, ukitie katika sufuria ya maji yanayochemka, kikae kikichemka saa sita. Gundi iliyo bora kabisa hupimwa kwa kuchemshwa saa 72, lakini sijui ni nani atakayepewa jiko na mke wake kwa siku tatu. Saa sita zatosha kuifichua ile iliyo dhaifu. Ukiona tabaka zimefunguka, hiyo si ya majini hata muuzaji akiapa. Isipofunguka yaweza kutumika, ila paka kingo zote na kila tundu la skrubu rangi ya mafuta mara tatu, na juu uitie mchanga kama nitakavyoeleza. Plaiwudi ya kawaida ya dari, usiifikirie.

Kwa wakulima wengi wa huku kwetu, shauri langu ni saiprasi. Yapatikana: upande wa Elburgon na Molo watu wamekuwa wakipasua mbao hizi miaka mingi, na kila fundi azijua. Agiza sita kwa moja, yaani inchi sita upana na moja unene, na fremu ya chini iwe ya nne kwa mbili, isiachane zaidi ya futi moja na robo. Chagua ubao wenye kiini cha rangi ya kahawia, kwa sababu ule weupe wa pembeni huoza kwanza. Usichukue wenye fundo kubwa katikati, maana hapo ndipo utakapovunjika. Uwe mkavu: ukigonga kwa kidole hulia, na ukiinua hushangaa wepesi wake. Ubao mbichi ukiutandika leo, baada ya kiangazi kimoja utajikunja na nafasi zitapanuka mpaka mguu wa mbuzi uingie.

Kuna mbao zilizotiwa dawa kwa mitambo, zenye rangi ya kijani. Hizo hudumu zaidi, na kwa fremu iliyo karibu na maji ni bora. Lakini dawa ile mara nyingi ina shaba, kromu na zarniki, ambayo ni sumu. Ziache kivulini wiki kadha zikauke kabla ya kuzitia majini, usiwaache ng'ombe wazirambe, na vipande vinavyobaki usivipeleke jikoni. Nasema hivi kwa sababu nimeona vikipelekwa. Vile vile iacheni desturi ya kupaka oli chafu ya gari. Huufanya ubao uteleze, na nusu yake huishia ziwani, mahali ambapo mifugo hunywa na samaki huzaa.

Mwenye mikaratusi yake asivunjike moyo. Ni mti wenye nguvu, ila ni mzito, na ukipasuliwa mbichi hupindana kama mkia wa nguruwe. Upange kivulini, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, miezi mingi bila haraka, kisha uutumie kwa fremu, si kwa sakafu. Na wale ambao katika skimu zetu za makazi walikuta nguzo za mtarakwa za ua wa zamani, wajue wana mali. Mtarakwa hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Siku hizi haukatwi ovyo msituni, lakini nguzo yako ya zamani iliyong'olewa yafaa sana kwa vile vipande vinavyokaa juu ya mapipa na kulowa daima. Mwanzi ni mwepesi na rahisi, wafaa kwa jukwaa la pampu ambalo mtu mmoja hukanyaga mara moja kwa siku. Kwa mizigo usiutegemee.

Habari ya vyuma nitaisema kwa ufupi. Bamba la chuma, licha ya uzito, huwaka moto. Saa saba mchana pale Baringo hata mwenye kandambili hulikanyaga kwa kurukaruka, sembuse mbuzi. Alumini ni nyepesi, sakafu yetu ingekuwa kama kilo 130 tu, na katika maji baridi ya Naivasha na Baringo yaweza kudumu, kwa mwenye fedha. Lakini katika maji ya magadi kama ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria huliwa. Tena usiilaze juu ya mbao za dawa ya shaba, kwa maana shaba huila vile vile.

Baada ya kununua ubao mzuri watu wengi huuharibu kwa msumari. Msumari wa kawaida hushika kutu, na ubao ukilowa na kukauka, kulowa na kukauka, huusukuma juu kidogo kidogo mpaka kichwa kinatokeza na kuchana vidole na magunia. Tumia skrubu zisizoshika kutu, au angalau zilizopakwa zinki, mbili kila ubao unapopita juu ya fremu, na utoboe tundu kwanza ili ncha isipasuke. Acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi nne kati ya ubao na ubao. Nafasi hiyo hupitisha maji na matope, nayo ni ndogo kuliko kwato. Usitandike zulia la plastiki la kijani juu yake kwa kupendezesha. Hushika maji chini na ubao huoza usipouona.

Kisha mchanga. Chekecha mchanga wa mto uliokauka, paka sakafu rangi ya mafuta, na kabla rangi haijakauka nyunyiza mchanga kama unyunyizavyo chumvi, lakini bila uchoyo. Siku ya pili fagia uliolegea, upake tena rangi mara moja juu yake. Kazi hii yarudiwa kila mwaka kabla ya mvua ndefu. Hakuna sehemu ya kazi yote iliyo rahisi kuliko hii, wala inayosahauliwa kuliko hii.

Mwenye kuvusha ng'ombe ana hesabu nyingine. Ng'ombe wa gredi ana kilo 400 au 500 juu ya kwato nne, naye akiteleza hufanya kishindo kinachotosha kupindua chombo. Kwake ubao uwe wa inchi moja na nusu, na juu yake apigilie vijiti vya mbili kwa moja, kila futi moja, vikipita upande hata upande, ili kwato ipate mahali pa kushika. Godoro la mpira la ng'ombe, lile la zizini, lafaa mahali asimamapo, lakini moja laweza kufika kilo 40, basi lihesabiwe. Samadi ioshwe kila safari. Na asivushwe ng'ombe wawili kwa mapipa 12, hata kama ni ndama na mama yake, hata kama soko linafungwa.

Mkikusudia kubeba watu au mizigo ya wengine kwa nauli, chombo chenu chapasa kukaguliwa na Mamlaka ya Bahari, iitwayo KMA, na kila abiria awe na jaketi la kuokoa maisha. Mkaguzi ataiangalia sakafu. Nawaomba pia mchore mstari mwekundu katikati ya kila pipa la pembeni. Mstari ukizama, gunia moja lishuke. Hiyo haihitaji kujua kusoma.

Kile kikundi nilichokisema kilifanya hivyo. Sakafu ya saiprasi waliitandika Septemba, mweka hazina mwenyewe akishika bisibisi, nami nikaandika muhtasari, ila safari hii niliuliza uzito kabla ya kuandika "imekubaliwa". Zile maraini zilizobaki nzima aliomba mzee mmoja akazifanya ukuta wa banda la kuku, mahali pasipofika mvua, na nilipopita mwezi uliopita zilikuwa bado zang'aa.